Nyuzi Nyekundu za Ambelakia

Ukitoka mji wa Larissa, katika tambarare ya Thessalia nchini Ugiriki, na kuelekea kaskazini-mashariki kwa kilomita 30 hivi, tambarare inakatika ghafla na barabara inaingia kwenye bonde jembamba la Tempi. Kushoto ni mlima Olympus, kulia ni mlima Ossa, na katikati unapita mto Pineios. Wageni wengi hushuka hapa, wakavuka daraja la waenda kwa miguu hadi kanisa dogo la Mtakatifu Paraskevi lililobanwa na jabali, wakapiga picha, wakaondoka. Kwa vijana wa Ugiriki jina la Tempi sasa lina uzito mwingine: usiku wa tarehe 28 Februari 2023, si mbali na hapa, treni ya abiria iligongana uso kwa uso na ya mizigo, na watu 57 wakafa, wengi wao wanafunzi.

Bonde hili ni njia ya majeshi tangu kale. Mwaka 480 KK Wagiriki walileta askari 10,000 hivi kumzuia Xerxes, mfalme wa Uajemi, wakaondoka walipojua kwamba kuna njia nyingine ya kupita milimani. Anayeishi kando ya njia kama hii hulala jicho moja wazi. Kwa hiyo inua macho: juu, ubavuni mwa Ossa, kipo kijiji cha Ambelakia. Jina lake linatokana na mizabibu, lakini kilichokitajirisha ni pamba.

Katika karne ya 18, chini ya utawala wa Waosmani, watu wa huku walijua kutia nyuzi rangi nyekundu isiyopauka kwa jua wala kwa sabuni. Rangi ilitoka kwenye mizizi ya mmea wanaouita rizari. Kazi yenyewe ilikuwa ndefu na yenye harufu: nyuzi ziliroweshwa katika mafuta ya zeituni na maji ya majivu, zikaanikwa, zikaroweshwa tena, zikatiwa shabu (ile ile inayosafishia maji), ndipo zikachemshwa na rizari. Wanawake walisokota, wanaume walitia rangi, watoto nao hawakukaa bure. Félix de Beaujour, aliyekuwa konseli wa Ufaransa mjini Thessaloniki na kuchapisha kitabu chake juu ya biashara ya Ugiriki mwaka 1800, alihesabu viwanda 24 katika kijiji cha watu 4,000 tu, na marobota 2,500 ya nyuzi kila mwaka yakienda Vienna, Leipzig, Dresden na kwingineko.

Mwaka 1778 wenye viwanda, waliokuwa wakipunguziana bei wao kwa wao, waliungana. Hapa ndipo kijiji hiki kinaponivutia kuliko bonde lote na miungu yake. Hisa moja ilianzia piasta 5,000, na hakuna aliyeruhusiwa kuzidisha 20,000, ili matajiri wasimeze faida yote. Mfanyakazi asiye na 5,000 alichangishana na wenzake wakanunua hisa moja kwa pamoja, na jasho lake lilihesabiwa kama mtaji. Wanaosoma habari za ushirika huanzishiwa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844. Sina haja ya kugombania nani alitangulia. Nashangaa tu kwamba kile kikomo cha 20,000 hakitajwi sana, hata na wanaokwenda Ambelakia.

Wanachoonyeshwa ni nyumba ya mkuu wa ushirika, Georgios Mavros, iliyokamilika mwaka 1798. Mavros ni "mweusi" kwa Kigiriki. Vienna wakamwita Schwarz, neno lile lile kwa Kijerumani. Chini ni mawe mazito kama ngome. Juu ni mbao zilizochomoza nje, vioo vya rangi, na kuta zilizochorwa maua na miji ya kufikirika. Ni nzuri kweli. Lakini aliyesokota pamba hana nyumba ya kutembelewa.

Anguko lilikuja kutoka pande nyingi. Siri ya rangi ilikwisha kuvuka bahari tangu 1747, wataalamu wa Kigiriki walipopelekwa Ufaransa kuifundisha. Mashine za Kiingereza zikatoa nyuzi kwa bei ambayo mkono usingeweza kushindana nayo. Ali Pasha, mtawala wa Ioannina, akakamua kodi. Na wanaushirika wenyewe wakagawanyika makundi, wakavutana kuhusu uongozi na mgao, hata wakafikishana mahakamani. Kisha mwaka 1811 serikali ya Austria ikafilisika na kutangaza kwamba noti zake zitahesabiwa kwa moja ya tano ya thamani iliyoandikwa. Fedha ya Ambelakia, pamoja na ile ya waliochangishana kupata hisa moja, ilikuwa Vienna.