UZI: Mmecheka "watoto yetu". Na ile sentensi ya pili je?

1.
Kuna klipu inazunguka tangu juzi. Mheshimiwa amesimama juu ya gari, anasema "watoto yetu" na "hii mambo imetushinda", na watu wamecheka mpaka wamechoka. Mimi pia nilicheka. Lakini sekunde chache baadaye kwenye klipu hiyohiyo anasema: "Wale ambao hawapigi kura na sisi wakumbushwe kwao ni wapi." Hapo Kiswahili kimenyooka. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza kitu.

2.
Huu uzi ni kuhusu hiyo sentensi ya pili. Kama kawaida yetu hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si mwalimu wa Kiswahili, kwa hivyo wenye lugha mtanirekebisha. Hoja yangu ni moja: tunakimbilia kusahihisha makosa ya sarufi yasiyoumiza mtu, halafu sentensi zinazoumiza tunaziacha zipite kwa sababu zina sarufi safi.

3.
Tuanze na lile lalamiko la kila siku, ati viongozi wa zamani walijua Kiswahili na hawa wa sasa wamekiharibu. Wacha turudi nyuma kidogo. Tulipopata uhuru mwaka 1963, Bunge letu lilikuwa la Kiingereza. Tarehe 4 Julai 1974 Rais wa kwanza alitangaza kwamba Kiswahili ndicho kitatumika kwenye mijadala ya Bunge. Miswada na sheria zikabaki kwa Kiingereza. Yaani unasoma mswada kwa lugha moja, halafu unasimama kuujadili kwa nyingine.

4.
Mpango huo haukudumu hivyo. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa, na tangu hapo mbunge anachagua lugha. Katiba ya 2010 kwenye Kifungu cha 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwenye safari hiyo yote mimi sioni mahali ambapo Bunge zima lilizungumza Kiswahili cha kamusi, halafu kizazi hiki kikaja kukiangusha.

5.
Halafu kuna suala la shule. Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani katika msingi na sekondari baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985. Wanasiasa wengi wenye umri wa babu zetu walimaliza shule bila kulazimika kuufanya mtihani huo. Kiswahili chao walikiokota sokoni, kazini, kwenye matatu na kwa majirani. Ndiyo maana mtu ana digrii mbili na bado anasema "kitu yangu".

6.
Na tuseme ukweli: "hii mambo imetushinda" kila mtu aliielewa. Kiswahili cha bara kina kasoro zake, lakini kinafikisha ujumbe. Wengine hata wanakichagua makusudi ili waonekane wenzetu. Kwa hivyo ukiniuliza kama "watoto yetu" ni tatizo la kisiasa, nitakwambia hapana. Ni tatizo la mwalimu wa darasa la nne. Tatizo la kisiasa nitalionyesha kwa neno ambalo mwanafunzi yeyote angepewa alama kwa kulitumia vizuri: madoadoa.

7.
Desemba 1991 Katiba ilibadilishwa na vyama vingi vikarudi. Wakati huo tayari moto ulikuwa umeshawaka Bonde la Ufa. Mapigano yalianza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, yakasambaa mwaka 1992, yakarudi tena baada ya uchaguzi wa 1997. Kamati teule ya Bunge ilichunguza mwaka 1992. Tume ya Akiwumi ikaundwa 1998, na ripoti yake ikawekwa wazi 2002. Zote mbili zilieleza matamshi ya viongozi mikutanoni kabla nyumba hazijaanza kuchomwa.

8.
Katika miaka hiyo ndipo neno "madoadoa" lilipopata maana yake mbaya. Doa ni alama chafu kwenye kitu safi. Ukisema eneo lina madoadoa, umeshasema wenyeji ndio nguo na wengine ndio uchafu. Hujataja kabila. Hujasema pigeni. Ukifikishwa mbele ya hakimu unaweza kusema ulikuwa unazungumzia usafi. Sarufi yako haina kasoro hata moja.

9.
Sasa angalieni ngeli, kwa sababu hapa ngeli ina kazi kubwa kuliko kwenye "watoto yetu". Watu wako ngeli ya A-WA: mtu ameingia, watu wameingia. Wanyama pia tunawapa A-WA: ng'ombe amelala, nzi ametua. Hata mende, kwa sarufi yetu, "ameingia". Lakini doa liko ngeli ya LI-YA: doa limeingia, madoa yametoka. Kiongozi akisema "madoadoa yaondolewe", ametoa watu kwenye ngeli ya viumbe na kuwaweka pamoja na vitu. Masikio yetu hayashtuki, kwa sababu upatanisho uko sawa.

10.
Shosho yangu alikuwa anaishi Molo. Alihamishwa mara mbili, 1992 na mwanzo wa 2008. Mimi ile ya pili nilikuwa mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni, sikumbuki kitu zaidi ya kulala kwenye uwanja wa kanisa. Niliposoma habari za tume chuoni nilimuuliza kuhusu hilo neno. Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Hao watu walichoma nyumba yetu na mahindi yote ilikuwa ndani. Wengine nilikuwa nawauzia maziwa."

11.
"Mahindi yote ilikuwa ndani." Kwenye mtihani hapo kuna kalamu nyekundu. Lakini angalieni kitenzi chake: "walichoma". Kuna watu, na wamefanya jambo. Sasa linganisheni na jinsi viongozi wetu wanavyosimulia miaka hiyo kwenye majukwaa ya amani: nyumba ziliungua, damu ilimwagika, mali ikapotea, watu wakaumia. Kiswahili kizuri sana. Hakuna aliyefanya chochote.

12.
Wenye lugha wanaita hiyo kauli ya kutendeka. Ukisema "kikombe kimevunjika", huwezi kuongeza "na Juma". Kitenzi chenyewe hakina nafasi ya mtenda. Ukisema "kikombe kimevunjwa", hiyo ni kauli ya kutendwa, na hapo mtu anaweza kukuuliza: kimevunjwa na nani? "Nyumba ilichomwa" inaacha swali. "Nyumba iliungua" inalifunga. Siasa yetu ya kukwepa lawama inaishi kwenye hiyo tofauti ndogo.

13.
Turudi kwenye historia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mwaka uleule wa 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na ndiyo iliyounda tume ya NCIC. Sehemu ya 13 inahusu matamshi ya chuki. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

14.
Kuna jambo kwenye hiyo Sehemu ya 13 ambalo wengi hawalijui. Haiangalii nia peke yake. Inaangalia pia kama, kwa hali ilivyokuwa, maneno hayo yangeweza kuchochea chuki ya kikabila. Kwa hivyo "sikumaanisha hivyo" si jibu linalomaliza kesi. Na Katiba, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza lakini inasema wazi kuwa uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki.

15.
Mwaka 2022, uchaguzi ukikaribia, NCIC ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. Madoadoa yalikuwemo, kwekwe ikawemo, mende pia. Hilo la mwisho linajulikana na majirani zetu. Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita watu mende, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu waliohusika na redio hiyo na gazeti moja. Kumbe hata kubaki kwenye ngeli ya A-WA hakumwokoi mtu, kama kiumbe ulichofananishwa nacho ni cha kukanyagwa.

16.
Lakini orodha ina udhaifu wake. Ilibeba hata msemo wa vijana uliotoka kwenye wimbo wa kuchezwa klabu. Na ukilifungia neno moja, mtu mjanja anachukua jingine. Ile sentensi ya klipu yetu haina hata neno moja la kwenye orodha. "Wakumbushwe" ni neno zuri, shosho analitumia kanisani. Hatari iko kwenye sentensi nzima, inasemwa wapi, na inasemwa kwa nani.

17.
Halafu inakuja siku ya kuomba radhi, na pale ndipo sarufi inafanyiwa kazi ya kweli. Mnazijua sentensi zenyewe. "Ulimi uliteleza": mtenda ni ulimi. "Nilinukuliwa vibaya": mkosaji ni mwandishi wa habari. "Kama kuna mtu aliyekwazika, naomba radhi": kukwazika ni kauli ya kutendeka tena, mtu amekwazika mwenyewe tu, kama kikombe kilichovunjika rafuni. Sentensi ambayo sijawahi kuisikia ni hii fupi: "Niliwakosea."

18.
Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Naikubali. Lakini kujikwaa ni bahati mbaya. Neno lililosemwa Nakuru, likarudiwa Eldoret, likashangiliwa na kurudiwa tena wiki ijayo, hilo si kujikwaa. Hiyo ni njia ambayo mtu anaijua vizuri sana.

19.
Najua kuna mtu atasema, "Kwa hivyo sarufi haina maana?" Ina maana. Mimi nataka mtoto wa darasa la nne aseme "watoto wetu", na kiongozi anayelipwa kwa kodi zetu anaweza kumudu hata mwalimu wa jioni. Ninachokataa ni kuifanya sarufi iwe ya kucheka watu peke yake. Tulifundishwa kauli za vitenzi tukaandika mazoezi ishirini, tukapata alama, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja tutazihitaji kwenye mkutano wa hadhara.

20.
Kwa hivyo mkipata klipu nyingine, kabla ya kucheka jiulizeni mambo matatu. Moja, nani ametenda? Kama kitenzi kimemficha, mtafuteni. Mbili, watu wameitwa nini? Kama wamegeuzwa doa, gugu au mdudu, ngeli sahihi isiwatulize. Tatu, anayesikiliza anaombwa afanye nini? Kuna amri nyingi zinazovaa nguo ya ushauri.

21.
Tujaribu na ile ya juzi. "Wale ambao hawapigi kura na sisi wakumbushwe kwao ni wapi." Wakumbushwe na nani? Hajasema. Kwa njia gani? Hajasema. "Kwao" ni wapi, kama mtu amezaliwa hapo na mama yake amezikwa hapo? Hajasema. Kila pengo aliloliacha, umati uliokuwa chini ya gari ulilijaza wenyewe, na ndiyo maana walipiga makofi.

22.
Nilimchezea shosho klipu hiyo Jumapili. Kwenye "watoto yetu" hakucheka, kwa sababu yeye pia husema hivyo. Kwenye ile ya pili aliniambia nirudishe. Nikarudisha. Akasikiliza, akauliza, "Uchaguzi ni lini?" Nikamwambia. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, halafu akaniuliza kama bado ninajua stakabadhi za shamba ziko wapi.

23.
Mwisho wa uzi. Mkiwa na klipu ileteni hapa chini, tuichambue kitenzi kwa kitenzi. Majina ya watu na vyama yabaki nje. Na ukisahihisha ngeli zangu nitashukuru, ila usiishie hapo.