Taytu Betul: Malkia Aliyeujenga Mji Kabla ya Reli

Machakos inajua jinsi reli inavyoweza kuunyang'anya mji heshima yake. Hapa palikuwa kituo kikuu cha utawala wa Waingereza huku bara, lakini njia ya reli ilipoupita mji kando, makao yakahamishiwa Nairobi mwaka 1899. Wageni waliamua, wakapangua. Ethiopia ilikuwa kinyume. Mwaka 1886 kambi ya Mfalme Menelik wa Shewa ilikuwa mlimani Entoto, kwenye baridi na uhaba wa kuni. Mkewe, Taytu Betul, akamshawishi ajenge nyumba bondeni, karibu na chemchemi za maji moto, na mji uliochipuka hapo akauita Addis Ababa, yaani ua jipya. Reli ya kutoka Djibouti ndiyo iliyoufuata mji, ikaufikia mwaka 1917.

Wapo wanaomwona Taytu mhafidhina kwa kuwa aliwashuku Wazungu. Kuwashuku alikuwa na haki. Mkataba wa Wuchale wa 1889, kwa Kiamhari, uliipa Ethiopia hiari ya kuitumia Italia katika mambo ya nje. Kwa Kiitaliano, hiari hiyo ikageuka lazima. Taytu alishikilia ukataliwe. Vita na Italia vilipozuka alitoka na askari wake mwenyewe, na kule Mekelle Waitaliano wakakatiwa maji kwa shauri lake hadi wakaiachia ngome. Machi 1, 1896 wakavunjwa Adwa. Bila ukaidi huo, benki iliyoanzishwa nchini mwaka 1905 na shule ya kisasa ya 1908 zingekuwa za koloni. Na malkia huyo mshuku wageni ndiye aliyewafungulia hoteli mwaka 1907: walale, wale, walipe.

Itasemwa kwamba yote hayo yalikuwa kazi ya Menelik. Mengi, ndiyo. Lakini maradhi yalipomlaza mfalme, Taytu ndiye aliyeshika hatamu, mpaka wakuu wa Shewa wakamwondoa Machi 1910. Na hakuna anayehangaika kumpindua pambo la ikulu. Pingamizi zito ni jingine. Bonde lile Waoromo waliliita Finfinne na lilikuwa lao, na dola iliyokuwa ikijengwa upya ilipanuliwa kusini kwa bunduki. Hilo sina la kumtetea nalo: uhuru aliowazuia Waitaliano wasiuchukue, dola yake iliwanyang'anya wengine.

Taytu alifariki Februari 1918 huko Entoto, juu ya mlima ule ule aliouhama. Hoteli yake ipo hadi leo.