Sikio Hutangulia Ulimi

Wasikilizaji wetu, je, mtoto huzaliwa na lugha, au huipata nyumbani? Swali hili ni la kale. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, asimulia kwamba Psammetichus, mfalme wa Misri, aliamuru watoto wachanga wawili walelewe na mchungaji, pasiwe na mtu wa kusema neno mbele yao. Baada ya miaka 2 wakatamka “bekos”. Mfalme akaambiwa ni mkate kwa Kifrigia. Huenda waliiga mlio wa mbuzi tu.

Jawabu jema zaidi lilitoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1976 Lynn Streeter alieleza kwamba watoto wa Kikikuyu wenye miezi 2 walitambua tofauti ya “ba” na “pa”, ijapokuwa lugha ya wazee wao haina “pa”. Sikio, basi, huanza likiwa wazi kwa sauti nyingi, kisha katika mwaka wa kwanza huizoea lugha ya nyumbani.

Ulimi hufuata. Mwaka 1996, huko Marekani, Patricia Kuhl na Andrew Meltzoff walionyesha kwamba watoto wa majuma 12 hadi 20 hujaribu kuiga “a”, “i” na “u” wamwonapo mtu akizitamka. Baadaye huja “ba-ba-ba” na “ma-ma-ma”.

Kwa hiyo mama wa Mwanakwerekwe amtazamaye mwanawe na kumjibu vijisauti vyake, twasema amfundisha kweli. Bali apitaye miezi 10 pasipo kutamka hivyo, na apelekwe akapimwe masikio: asiyesikia hana la kuiga.