NOZELI ZA DIZELI: Jinsi ya kuzipima na kuzirekebisha nyumbani

INJINI ya dizeli inapoanza kutoa moshi mweusi, kugonga kama nyundo na kunywa mafuta kupita kiasi, wenye magari, matrekta na vinu vya kusaga mahindi huwa wepesi kudhani kwamba pampu imeharibika. Kabla ya kugharamia pampu mpya, ni busara kuchunguza kifaa kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, nacho ni nozeli.

Kazi ya nozeli ni kuyageuza mafuta kuwa ukungu mwembamba na kuyarusha ndani ya silinda kwa wakati ufaao. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ile ya petroli. Hewa hubanwa mpaka ikapata joto kali, na mafuta huwaka yenyewe yanapokutana nayo. Yakiingia yakiwa matone badala ya ukungu, hayawaki yote, na yale yasiyoteketea hutoka kwenye ekzosi yakiwa moshi.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyevumbua injini hii na kuionyesha ikifanya kazi mwaka wa 1897, alitumia hewa iliyoshindiliwa kuyapuliza mafuta ndani ya silinda. Njia hiyo ilihitaji mitambo mikubwa. Mnamo 1927 kampuni ya Bosch ilianza kuunda kwa wingi pampu iliyosukuma mafuta bila msaada wa hewa, na hapo ndipo dizeli ilipopata nafasi katika malori, na baadaye katika magari madogo.

Nozeli zipi zinaweza kupimwa nyumbani?

Maelezo haya yanahusu nozeli za zamani zinazotumia springi pekee, kama zile za injini za vinu, matrekta ya miaka mingi na magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwaka wa 2000. Ndani yake mna sindano ya chuma iliyokandamizwa na springi. Shinikizo la mafuta likiishinda nguvu ya springi, sindano huinuka na mafuta hupenya.

Injini za kisasa ambazo nozeli zake hufunguliwa kwa umeme na kuongozwa na kompyuta ni jambo tofauti kabisa. Shinikizo lake huweza kupita kilo 1,600 kwa kila sentimita mraba, ilhali gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kilo mbili hivi. Hizo zipelekwe kwa fundi mwenye mitambo maalumu, na mabomba yake yasilegezwe kamwe injini ikiwa inanguruma.

Hatari ya kwanza ni mkono

Hata nozeli ya zamani hurusha mafuta kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Kisa cha aina hiyo kilielezwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani tangu mwaka wa 1937, na visa vingine vingi vimeandikwa baadaye. Kinachowapoteza wengi ni kwamba jeraha huonekana dogo kama tundu la pini na huenda lisiume mwanzoni. Kumbe dizeli imekwisha kusambaa ndani ya kidole, ikiua nyama na kuziba njia za damu. Aliyepatwa na ajali hiyo apelekwe hospitalini mara moja, hata kama hahisi maumivu, na amwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya shinikizo yaliyoingia mwilini. Jeraha hili huhitaji upasuaji wa haraka, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumgharimu mtu kidole au mkono mzima.

Kwa hivyo, ncha ya nozeli isielekezwe kwa mtu, wala kidole kisitumiwe kupima nguvu ya mafuta. Mpimaji avae miwani ya kukinga macho na asitegemee glavu, kwani mafuta huzipenya. Aidha, ukungu wa dizeli hushika moto kwa urahisi kuliko dizeli iliyomo ndani ya mkebe. Sigara, jiko na taa ya moto viwe mbali, na kazi ifanywe mahali penye hewa ya kutosha.

Kumtafuta mkosaji

Kabla ya kufungua chochote, chujio la hewa na lile la mafuta yakaguliwe, kwa sababu chujio la hewa lililoziba pia huleta moshi mweusi. Ikiwa yako sawa, injini ya zamani yenye silinda kadhaa iwashwe na kuachwa ingurume polepole. Nati ya bomba la kila nozeli ifunikwe kwa kitambaa kizito na kulegezwa kidogo kwa spana, moja baada ya nyingine, mikono ikiwa mbali na mafuta yanayovuja. Mngurumo ukipungua, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, silinda hiyo ndiyo yenye kasoro, na nozeli yake ndiyo ya kutolewa kwanza.

Injini izimwe na ipoe kabla ya nozeli kutolewa. Uchafu wa nje uoshwe kwanza, na ncha za mabomba zizibwe mara tu zinapofunguliwa. Usafi huu una sababu: nafasi iliyopo kati ya sindano na mwili wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita, hivi kwamba chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho hutosha kuikwamisha. Ni kwa sababu hiyo pia ambapo sindano ya nozeli moja haiwezi kuhamishiwa nyingine.

Kupima

Kifaa kinachohitajika ni pampu ya mkono yenye tangi dogo, geji na bomba la kuunganishia nozeli. Dizeli inayotumiwa iwe safi na iliyochujwa. Nozeli ikiwa imefungwa imara na ncha yake kuelekezwa ndani ya chombo, mpini husukumwa mara kadhaa kuondoa hewa, kisha mambo manne hutazamwa.

La kwanza ni shinikizo la kufunguka. Mpini ushushwe polepole na geji isomwe wakati mafuta yanapochomoka. Injini nyingi za zamani zenye chumba kidogo cha kuanzishia moto hufunguka kati ya kilo 115 na 150 kwa sentimita mraba, na zile zinazorusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni huwa kati ya 175 na 250. Hata hivyo, kipimo cha kufuatwa ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha injini husika.

La pili ni uvujaji. Shinikizo lishikiliwe kilo 10 hadi 20 chini ya kiwango cha kufunguka kwa muda wa sekunde 10. Ncha inaweza kuwa na unyevu kidogo, lakini tone lisianguke. Ikiwa geji inashuka kwa kasi ilhali ncha ni kavu, na viungo vya pampu havivuji, mafuta yanapenya kandokando ya sindano iliyolika.

La tatu ni umbo la ukungu. Unapaswa kuwa mwembamba na wenye mpangilio, usiokwenda upande wala kutoa mchirizi. La nne ni sauti. Nozeli nyingi za aina hii, zikiwa nzima, hutoa mlio wa kutetema mpini unaposukumwa.

Kurekebisha

Springi hulegea kadiri miaka inavyosonga, na nozeli huanza kufunguka mapema. Baadhi ya nozeli zina skrubu ya kukazia springi. Nyingine huwa na vipande vyembamba vya chuma mithili ya washa juu ya springi, na kuongeza unene huinua shinikizo. Katika injini nyingi ndogo, unene wa milimita 0.05 hubadilisha shinikizo kwa kilo tano hivi. Nozeli hufungwa katika jiliwa, sehemu zake huoshwa kwa dizeli safi, na masizi ya nje huondolewa kwa brashi laini ya nyuzi za shaba. Msasa na waya wa chuma havifai hata kidogo. Baada ya kila badiliko, nozeli ipimwe upya.

Kupandisha shinikizo kupita kipimo hakuongezi nguvu. Mafuta huchelewa kuingia, injini huwa nzito kuwaka, na pampu hubebeshwa mzigo. Jambo muhimu ni nozeli zote za injini moja kulingana. Tena, ikiwa shinikizo ni sahihi lakini ncha inadondosha, springi haina kosa: kiti cha sindano kimelika na ncha hiyo ibadilishwe.

Wakati wa kurejesha, washa ya shaba iwe mpya, nati zikazwe kwa nguvu iliyoagizwa, na hewa iondolewe kwenye mabomba kabla ya injini kuwashwa.

Adui wa nozeli

Maji, vumbi na mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli ndiyo huziua nozeli mapema. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha kulinda sindano inayotegemea dizeli kuilainisha. Nchini Kenya, uchanganyaji huo ulienea kwa sababu ya tofauti ya bei, hata serikali ikaanza kutoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018 ili kuuzima.

Moshi nao si kero ya macho tu. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeitunza nozeli yake hupunguza gharama ya mafuta, na pia huwapunguzia moshi huo wanaofanya kazi kando ya injini hiyo kutwa nzima.