Ubavu wa 12

Kabla ya mwaka 1882, kondoo wa New Zealand alifugwa kwa ajili ya sufu. Visiwa vilijaa mifugo, walaji walikuwa wachache, na Uingereza ilikuwa mbali kwa safari ya miezi mitatu baharini. Kondoo waliozidi walichemshwa ili ipatikane shahamu ya mishumaa na sabuni.

Tarehe 15 Februari mwaka huo merikebu ya matanga, Dunedin, iling'oa nanga Port Chalmers ikiwa na kondoo karibu 5,000 waliochinjwa na kugandishwa kwa mashine ya baridi iliyoendeshwa na mvuke. Cheche za bomba la moshi la mashine hiyo nusura ziunguze matanga. Walipofika kwenye ukanda wa joto, hewa baridi haikuenea vizuri. Nahodha John Whitson akatambaa ndani ya njia ya hewa kutoboa matundu, akazidiwa na baridi, ikabidi avutwe kwa kamba. Baada ya siku 98 mzigo ulifika London, na kondoo mmoja tu ndiye aliyekataliwa.

Ushindi huo ulizaa swali. Mnadani mnunuzi humbonyeza kondoo kiunoni, kisha hupatana bei na mwenye mali. Muuza nyama wa Smithfield, soko la nyama la London, angembonyeza nani? Ilibidi aamini alama iliyowekwa upande wa pili wa dunia. Ndipo madaraja ya nyama yakashika nguvu, na bodi ya nyama iliyoundwa mwaka 1922 ikayasimamia. Kwa miongo mingi mpimaji alitegemea jicho, na jicho la zama hizo lilipenda kondoo mfupi aliyenona.

Mlaji alipoanza kuyakimbia mafuta, jicho halikutosha. Ikachaguliwa sehemu moja mwilini: ubavu wa 12, sentimita 11 kutoka mstari wa katikati ya mgongo. Hapo hupimwa unene wa nyama na mafuta yanayofunika mfupa. Australia hutumia kipimo hicho kugawa madaraja matano: milimita 15 ni daraja la 3, milimita 16 ni la 4. Anayetoka nje ya daraja au uzito alioutaka mnunuzi hukatwa bei, hata kama tofauti ni unene wa ukucha.

Si kila sharti lina rula. Uingereza ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, New Zealand ilitafuta wateja wengine, Iran ikiwamo, na uchinjaji wa halali ukawa sharti la soko. Meno nayo yana sheria yake: huko Australia, hadi katikati ya 2019, jino moja la mbele la kudumu likichomoza tu, mwanakondoo alihesabiwa mkubwa na bei ikashuka.

Siku hizi baadhi ya machinjio hutumia eksirei kutenganisha nyama, mafuta na mfupa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, vipimo hivi vilimlinda zaidi mfanyabiashara. Mafuta membamba yaliyo ndani ya msuli, yanayoipa nyama ladha, rula ya ubavuni haiyaoni, na wafugaji wengi bado hawalipwi chochote kwa ajili yake.