Asili ya Moto wa Los Angeles

Pafukapo moshi hapakosi moto. Tarehe 29 Aprili 1992 ghasia kubwa ilianza katika mji wa Los Angeles, Marekani. Ilipotulia, watu zaidi ya 50 walikuwa wamekufa, na maduka ya Wakorea yapata 2,300 yalikuwa yameporwa au kuharibiwa. Wengi walisema, "Watu weusi na Wakorea huchukiana tangu asili." Neno hilo ni jepesi kusema, lakini halielezi kitu. Basi, wasomaji, na tuitafute asili yenyewe.

Asili ya kwanza ni nyumba. Wenye viwanja wengi wa Kizungu waliandika katika hati zao ya kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asipangishwe, na mpaka mwaka 1948 mahakama zilizitia nguvu hati hizo. Tena katika miaka ya 1930 watu wa serikali walichora ramani za miji, wakaitia rangi nyekundu mitaa waliyoiona kuwa ya hasara, ikiwamo mitaa ya watu weusi. Penye nyekundu ilikuwa shida kupata mkopo. Kwa hiyo mtu mweusi alisongwa mahali pamoja, na kufungua duka lake mwenyewe kukawa kugumu.

Asili ya pili ni kazi. Viwanda vya matairi na vya motakaa vilivyowalisha wengi vilifungwa. Kile cha General Motors huko South Gate kilifungwa mwaka 1982.

Asili ya tatu ni biashara. Mwaka 1965 palikuwa na ghasia katika mtaa wa Watts, wakafa watu 34. Wenye maduka, wengi wao Wayahudi, wakauza na kuhama. Mwaka ule ule sheria ya wageni ilibadilishwa, Wakorea wakaanza kuja kwa wingi. Wengi walikuwa wamesoma, lakini Kiingereza chao kilikuwa haba, na vyeti vyao havikuwapa kazi. Wakachangiana fedha kwa zamu, kama sisi tunavyocheza upatu, wakanunua maduka katika mitaa yenye bei nafuu.

Hivyo walikutana maskini asiyepewa mkopo na mgeni asiyepewa kazi, katikati yao meza ya duka. Mnunuzi alimwona mgeni achukuaye fedha za mtaa wala hamwajiri mtoto wa mtaa. Mwenye duka, aliyefanya kazi tangu alfajiri hata usiku, aliogopa kila aingiaye, maana wenzake walikwisha kuuawa na wanyang'anyi.

Mwezi wa Machi 1991 mwenye duka mmoja Mkorea alimdhania binti mweusi wa miaka 15 kuwa anaiba maji ya machungwa. Wakashikana, binti alipogeuka aende zake, akapigwa risasi akafa. Fedha ya kulipia ilikuwa mkononi mwake. Mwuaji alionekana ana hatia, lakini hakimu hakumfunga gerezani. Halafu, Aprili 1992, askari polisi wanne waliompiga Rodney King, mtu mweusi, wasitiwe hatiani, ingawa picha za kipigo kile zilikwisha kuonekana na watu wote. Ndipo mji ukawaka.

Tangu mwaka 1986 palikuwa na chama cha kuwapatanisha Weusi na Wakorea, nacho kilivunjika mwisho wa mwaka 1992. Wajumbe wake walizungumza kwa nia njema. Lakini mazungumzo hayakuweza kufungua benki, wala kurudisha kiwanda, wala kunyosha hukumu.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Huko Los Angeles nyasi zilipigana zenyewe kwa zenyewe. Waliochora ramani nyekundu hawakuwa na duka la kuchomwa katika mitaa ile.

Hata Dar es Salaam ilipangwa zamani kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Basi, mtu akikuambia ya kuwa jirani yako ndiye adui yako, muulize kwanza ni nani aliyeukata mpaka uliowatenga, na kwa faida ya nani.