Wimbo wa Mtoto Uliogeuka Wimbo wa Taifa

Ukiwauliza watoto wa kwaya yetu wamtaje mtunzi mmoja maarufu, watasema Handel, kwa ajili ya ile Haleluya. Ni sawa, Handel aliandika Messiah yote kwa siku 24 mwaka 1741. Lakini katika jubilii hii tumeona heri tuwasimulie habari za mtunzi wa karibu zaidi, ambaye wimbo wake wanauimba shuleni bendera ikipandishwa.

Maji ya Tana yakishapita Masinga, katika kaunti yetu, huteremka hadi kwa Wapokomo. Huko akina mama walikuwa na wimbo wa kubembeleza watoto. Maneno yake si ya upole hata kidogo: mnyama wa mwituni anaitwa aje amle mtoto asiyetaka kunyamaza! (Nyanya zetu wa Ukambani nao hawakuwa na mchezo.) Anayetajwa kuwa mtunzi ni Mzee Meza Moroa Galana, aliyefariki mwaka 2015. Wengine husema wimbo ni wa Wapokomo wote. Sisi twaona yote mawili yaweza kuwa kweli, kwa maana wimbo mzuri haukai kinywani mwa mtu mmoja.

Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, watu watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa: George Senoga-Zake, Graham Hyslop, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Kasisi Thomas Kalume. Walimu wa kwaya wayakumbuke majina haya. Wangeweza kuiga nyimbo za Ulaya zenye tarumbeta na kishindo. Badala yake walichukua ile sauti ya mama wa Kipokomo, wakaiandikia maneno mapya ya sala, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kuipanga kwa sauti nne kama tuimbavyo kanisani. Watoto wakiuimba kwa solfa watasikia kwamba unatulia kwenye la, si do. Ndiyo maana una upole wenye huzuni kidogo, hata ukipigwa na bendi ya jeshi.

Tarehe 12 Desemba 1963 uliimbwa Kenya ikipata uhuru.

Watu wazima wengi huishia ubeti wa kwanza, kisha hufungua midomo tu. Leo, kabla ya maombi ya kufungua, watoto wataimba beti zote tatu bila karatasi. Tafadhali tusimame.